Tuuze kiwanja au tuombe dripu? Kuhusu vidonge vya kuzuia seli za saratani ya titi zisigawanyike

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tanga. Amegundulika na saratani ya titi ambayo tayari imefika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Ini na mapafu wamesema viko salama. Majibu ya kinyama yanasema homoni chanya, HER2 hasi. Daktari amemwandikia letrozoli pamoja na vidonge vingine vinavyoitwa Kisqali, vya kuzuia seli zisigawanyike. Bei ya hivyo vya pili imetutoa jasho. Wajomba wanataka tuuze kiwanja cha Pongwe. Shangazi anasema vidonge ni vya mtu aliyekatiwa tamaa, kwamba wagonjwa wanaotibiwa kweli wanatundikiwa dripu. Binamu yangu naye amepata mtu wa kumletea vidonge vya namna hiyo kutoka India kwa bei ya chini. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na kiwanja, maana naona ndicho kinachowagawa hapo nyumbani. Msikiuze kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu dawa haifai. Aliyoandika daktari wenu ni tiba ambayo mama yako angeandikiwa hata angekuwa London. Nasema msubiri kwa sababu bado hamjapiga hesabu ya dawa hii inatumika kwa muda gani, na fedha za kiwanja zikikatika njiani mtashika wapi. Ama kuhusu dripu, shangazi amekosea, na si yeye peke yake. Wapo hata wahudumu wa afya wanaofikiri hivyo.

Saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Kile kinyama alichokatwa mama kilipimwa vitu vitatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na protini iitwayo HER2. “Homoni chanya, HER2 hasi” maana yake seli zake za saratani zinalishwa na homoni, na hazina HER2 ya kupita kiasi. Marekani karibu wagonjwa 7 katika kila 10 wa saratani ya titi wako kwenye kundi hili. Kwetu kundi hili ni dogo kuliko hivyo, na zile saratani zisizo na kipokezi chochote ni nyingi kuliko huko. Hao wasio na kipokezi ndio kemo, yaani hiyo dripu ya shangazi, inawahusu sana, na mara nyingi ndio shangazi anawaona wodini na nywele zimewatoka. Mama yako si mmoja wao.

Kemo haichagui. Hupiga kila seli inayogawanyika haraka, iwe ya saratani, ya uboho, ya utumbo au ya shina la nywele. Saratani inayolishwa na homoni mara nyingi hukua polepole, kwa hiyo kemo haikuti cha kupiga kwa wingi, huku mwili ukilipa gharama yote. Ndiyo maana kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vikuu vinafanya kazi, miongozo ya kimataifa inasema tuanze na tiba ya homoni, yaani ile ya kuzinyima seli homoni zinazozilisha. Kemo huwekwa akiba kwa siku tiba ya homoni itakapokataa, au kwa mgonjwa aliyefika ini linashindwa kazi au anahema kwa shida na hakuna muda wa kusubiri.

Utafiti mmoja naupenda kwa sababu ulifanywa kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa mbishi hasa. Unaitwa RIGHT Choice. Wanawake 222 ambao bado hawajakoma hedhi, wenye saratani ya aina hii iliyosambaa na inayokwenda mbio, waligawanywa: nusu wakapewa kemo ya dawa mbili kwa pamoja, nusu wakapewa tiba ya homoni pamoja na ribosiklibu, ambayo ndiyo hiyo Kisqali ya mama. Hao ni wagonjwa ambao sisi wote tungesema wapewe kemo bila kujadili. Waliopewa kemo, ugonjwa ulitulia kwa miezi 12.8 kwa wastani wa kati, yaani nusu yao walivuka hapo na nusu hawakufika. Waliopewa vidonge, miezi 21.8. Msomee shangazi hizo namba mbili. Na kama hata wagonjwa wa namna ile walifaidika zaidi na vidonge, mama yako ambaye ugonjwa umekaa kwenye mifupa tu hana sababu ya kukimbilia dripu.

Vidonge hivi hufanyaje kazi? Kuna faida ya wewe kuelewa, kwa sababu utaona kwa nini havitolewi peke yake, na kwa nini damu ya mama itashuka bila kuwa ni janga.

Seli kabla haijagawanyika hukua kwanza, halafu inanakili DNA yake yote, halafu inajikagua, ndipo inakatika kuwa mbili. Kati ya kukua na kunakili kuna mahali ambapo seli ikishapita hairudi nyuma. Hapo pana komeo, protini iitwayo Rb. Wanaolifungua ni vimeng'enya viwili vinavyofanana, CDK4 na CDK6, lakini vyenyewe havina nguvu mpaka vishikane na protini nyingine iitwayo saiklini D. Estrojeni inapoingia kwenye seli ya titi na kushika kipokezi chake, moja ya amri inazotoa ni kwamba saiklini D itengenezwe kwa wingi. Komeo linafunguliwa tena na tena, na uvimbe unakua.

Sasa tazama hizo dawa mbili alizoandikiwa. Letrozoli inazuia mwili kutengeneza estrojeni. Mwanamke aliyekoma hedhi bado anaitengeneza, kwenye mafuta na misuli, na letrozoli inaifunga njia hiyo. Ribosiklibu inaziba CDK4 na CDK6 moja kwa moja. Amri inapungua upande mmoja, na wa kuitekeleza anafungwa mikono upande wa pili. Ukitoa ribosiklibu bila letrozoli umeacha amri ziendelee kumiminika, na hiyo si tiba anayoihitaji mama. Letrozoli peke yake, kwa upande mwingine, ni tiba kamili iliyookoa miaka ya watu wengi kabla ya hizi mpya kuja. Shika sana neno hilo, nitalirudia tukifika kwenye fedha.

Chanzo cha haya yote ni cha ajabu kidogo. Mwaka 1982 Mwingereza Tim Hunt, akiwa Woods Hole huko Marekani, alikuwa anachunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu anayewachoma watu nyayo maji yakitoka. Aliona protini moja inapanda na kushuka kila mayai yanapogawanyika, akaiita saiklini. Leland Hartwell alikuwa amezisoma hatua za kugawanyika kwa kutumia hamira, na Paul Nurse alionyesha kimeng'enya kinachoziendesha. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Dawa za kwanza zilizojaribiwa zilizuia CDK za kila aina kwa mpigo, zikawaumiza wagonjwa bila faida ya maana. Ilibidi zipatikane zenye kuchagua namba 4 na 6 tu, na mwaka 2009 kundi la Richard Finn na Dennis Slamon wa UCLA lilionyesha maabara kwamba seli za titi zenye kipokezi cha estrojeni ndizo zinazodhurika zaidi na dawa ya namna hiyo. Februari 2015 Marekani ikaidhinisha ya kwanza, palbosiklibu, jina la dukani Ibrance. Mwaka 2017 zikafuata ribosiklibu na ile ya tatu, abemasiklibu, inayouzwa kama Verzenio.

Zinasaidia kiasi gani? Katika utafiti wa MONALEESA-2, wanawake 668 waliokoma hedhi, wenye ugonjwa kama wa mama yako, walipewa letrozoli pamoja na ribosiklibu, au letrozoli pamoja na kidonge kitupu. Letrozoli peke yake ilituliza ugonjwa kwa miezi 16.0, zikiwa mbili, miezi 25.3. Walipofuatiliwa kwa miaka, waliopata zote mbili waliishi miezi 63.9 kwa wastani wa kati, na wenzao miezi 51.4. Mwaka mzima wa ziada si kitu kidogo. Palbosiklibu katika utafiti wake wa PALOMA-2 iliongeza muda wa utulivu vilevile, kutoka miezi 14.5 hadi 24.8, lakini kwenye urefu wa maisha tofauti ilikuwa ndogo, 53.9 kwa 51.2, na kitakwimu haikuhesabika. Kwa hiyo wataalamu wengi, nami nikiwemo, tukiwa na nafasi ya kuchagua tunaanza na ribosiklibu. Daktari wenu hakubahatisha.

Angalia pia upande wa pili wa hizo namba. Hakuna hata moja inayosema kupona. Saratani ya titi iliyofika mifupani inatulizwa, inaishi na mtu, wengine kwa miaka mingi; haing'olewi. Na hapo ndipo hesabu ya kiwanja inapoanza.

Kemo mara nyingi ina mwisho. Unaambiwa mizunguko sita, unahesabu, unamaliza. Vidonge hivi havina mwisho wa namna hiyo: mgonjwa anavimeza maadamu vinafanya kazi na mwili unavimudu. Kama vikimkubali mama kama vilivyowakubali wale wa utafiti, mnazungumzia miaka miwili na zaidi ya kununua kila baada ya siku 28. Gawanya bei ya kiwanja kwa bei ya mwezi mmoja. Mkipata miezi mitano, sita, maana yake mtakuwa mmeuza ardhi kwa ajili ya sehemu ndogo ya tiba, halafu mama abaki na letrozoli ileile ambayo angeweza kuanza nayo leo. Nimeona familia zikifika hapo, na maumivu yake si ya fedha tu. Watoto wanaanza kulaumiana, na mgonjwa anajiona mzigo.

Waholanzi walifanya utafiti ambao ungeweza kuwa umeandikwa kwa ajili yetu. Unaitwa SONIA, ulichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2024, ukiwa na wanawake 1,050. Nusu walianza na vidonge hivi pamoja na dawa ya kundi la letrozoli, na ugonjwa ulipoamka wakapewa sindano ya fulvestranti, nayo ni tiba ya homoni, peke yake. Nusu ya pili walianza na dawa ya homoni peke yake, na ugonjwa ulipoamka ndipo wakapewa fulvestranti pamoja na vidonge. Kilichopimwa ni muda hadi ugonjwa kuamka mara ya pili: miezi 31.0 kwa waliotangulia na vidonge, 26.8 kwa waliochelewa, na tofauti hiyo haikutosha kusemwa kuwa ni ya uhakika. Urefu wa maisha haukutofautiana. Lakini waliotangulia navyo walivimeza kwa miezi 16.5 zaidi, pamoja na gharama na madhara yake yote.

Wenzangu hawajakubaliana kuhusu utafiti huo. Wengi wa waliokuwa ndani yake walitumia palbosiklibu, si ribosiklibu, na wapo wanaosema matokeo yangekuwa mengine. Hoja hiyo ina uzito. Ingekuwa bima inalipa kila kitu, ningesema mama aanze navyo leo asubuhi. Lakini kwa mtu anayelipa mfukoni, mwenye ugonjwa wa mifupa peke yake na ini safi, kuanza na letrozoli peke yake na kuweka vidonge kuwa silaha ya pili ni uamuzi wa kitabibu wenye ushahidi nyuma yake. Si umaskini, na hakuna wa kuona haya. Wale waliopata letrozoli na kidonge kitupu walikaa miezi 16 ugonjwa umetulia, na letrozoli ya kawaida, isiyo ya kampuni mama, ni dawa ambayo familia nyingi zinaimudu.

Ushauri huu ungebadilika kama mama angekuwa na uvimbe kwenye ini au mapafu, kama ugonjwa ungekuwa unakimbia, au kama saratani ingekuwa imerudi wakati bado anameza dawa za homoni. Ungebadilika pia kama bado angekuwa anapata hedhi. Hapo lazima ovari zizimwe kwanza, kwa sindano ya goserelini kila mwezi au kwa kuziondoa kwa upasuaji wa mara moja, ambao kwa mazingira yetu mara nyingi ndio nafuu zaidi. Na mjue mapema kwamba fulvestranti ya baadaye nayo ina bei yake: sindano mbili kwa mpigo, moja kila tako, kila mwezi baada ya zile za kuanzia. Muulize daktari atakuwa anatumia nini siku letrozoli ikichoka, ili muanze kuweka akiba sasa.

Kwa hiyo rudini kwake na swali lililonyooka: “Tunaweza kumudu miezi kadhaa tu. Je, kwa hali ya mama, tuanze na letrozoli peke yake na hivi vingine tuviweke kwa baadaye?” Daktari mwenye busara hatakasirika. Wengi huandika dawa bora wakiamini familia itasema kama haiwezi, na familia inanyamaza kwa heshima, halafu inauza mali. Piteni pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na kama mama ana bima, ulizeni kwa maandishi kama dawa hiyo imo kwenye orodha yao.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni karatasi ya patholojia mnayo mkononi. Si maneno ya “homoni chanya” tu. Itazame imeandika asilimia ngapi ya seli zenye kipokezi cha estrojeni. Asilimia 80 au 90 inatupa imani kubwa kwamba tiba ya homoni itashika. Asilimia 5 ni habari nyingine, na hapo mazungumzo yanaanza upya. Ubora wa kipimo unategemea pia kinyama kilivyotunzwa. Kinatakiwa kitumbukizwe kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kinyama kilichocheleweshwa, au kilichosafirishwa kwenye maji tu, kinaweza kusoma hasi wakati ni chanya. Kwa mama majibu ni chanya, hivyo hilo si tatizo lenu, ila kama kuna msomaji mwingine aliyeambiwa “hasi kila kitu” baada ya kinyama chake kukaa siku nyingi kwenye kichupa, aulize kama kinaweza kurudiwa.

Tuseme sasa mmepata namna, iwe leo au baadaye, na mama anaanza ribosiklibu. Ni vidonge vitatu vya miligramu 200 kwa mara moja kila siku, asubuhi, kwa siku 21, halafu anapumzika siku 7. Letrozoli haina mapumziko. Hata ile wiki ya kupumzika anaimeza. Wengi wanakosea hapo, wanaacha zote mbili.

Ndani ya wiki mbili za mwanzo chembe nyeupe za damu zitashuka, hasa zile ziitwazo neutrofili. Hii inatokea kwa wagonjwa wengi sana na inawatisha wote. Uboho nao unatumia CDK6 kutengeneza chembe hizo, kwa hiyo dawa inausimamisha. Tofauti na kemo ni kwamba kemo inaziua seli za uboho, wakati hizi zinazisimamisha tu, nazo zinaamka dawa ikipumzishwa. Ndiyo kazi ya zile siku 7. Katika PALOMA-2, theluthi mbili ya wagonjwa neutrofili zao zilishuka sana, lakini homa inayotokana na hali hiyo iliwapata chini ya 2 katika kila 100. Neutrofili zikiwa chini ya 1,000, daktari atachelewesha mzunguko hadi zipande. Zikishuka tena na tena atapunguza dozi, kutoka 600 kwenda 400. Hilo msilichukulie kuwa tiba imeshindwa. Waliopunguziwa dozi kwa sababu hiyo waliendelea kufaidika. Ila dozi ipunguzwe na daktari kwa sababu ya damu. Kumpa mama vidonge viwili badala ya vitatu ili kopo lifike mbali ni jambo lingine kabisa.

Vipimo basi ni sehemu ya bei, na watu huvisahau kwenye bajeti. FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na vipimo vya ini kabla ya kuanza, kisha kila wiki mbili kwa mizunguko miwili ya mwanzo, halafu mwanzoni mwa kila mzunguko kwa minne inayofuata. Kwa ribosiklibu kuna na ECG, kile kipimo cha kubandikwa waya kifuani, kabla ya kuanza na tena siku ya 14, kwa sababu dawa hii inaweza kurefusha muda wa umeme wa moyo kujipanga upya kati ya pigo na pigo. Ukirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Chumvi za damu kama potasiamu na magnesiamu nazo zipimwe, maana zikiwa chini hatari inaongezeka. Mgonjwa mwenye kuharisha au kutapika asikae nyumbani akisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa hiyo pia mnatakiwa kuwa waangalifu na dawa za dukani kuliko kawaida. Rifampisini ya kifua kikuu inaisafisha ribosiklibu mwilini hadi inabaki kama haipo. Ritonavia iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili za VVU, dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli, na antibayotiki klarithromisini, zenyewe zinaipandisha kupita kiasi. Dolutegravia haina ugomvi mkubwa nayo. Kwinini na klorokwini zinagusa umeme wa moyo uleule. Hata dawa mseto ya malaria isimezwe bila daktari kujua anatumia nini kingine. Na kwa kuwa mko Tanga nitasema na hili: balungi asile kabisa, na danzi pia, hata kwenye achari. Machungwa ya kawaida na machenza hayana neno. Dawa za mitishamba, yoyote ile, mwambieni daktari kwa jina. Ini likianza kulalamika lazima tujue nani wa kulaumiwa.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Nasisitiza kwa sababu kwetu homa maana yake malaria, mtu anapima kwa kipande dukani, anameza, analala. Mgonjwa huyu apimwe malaria, ndiyo, na FBP papo hapo.

Mkiambiwa abemasiklibu badala yake, hiyo inamezwa mara mbili kwa siku bila wiki ya kupumzika, haishushi damu sana, lakini wengi sana inawaharisha, hasa mwezi wa kwanza, kwa hiyo loperamidi iwepo nyumbani tangu siku ya kwanza. Pia ndiyo iliyotangulia kuidhinishwa kwa watu ambao saratani haijasambaa, wanaoimeza kwa miaka miwili baada ya upasuaji ili isirudi. Hilo si la mama.

Nije kwa binamu. Vidonge vya India si lazima viwe bandia. Hataza ya palbosiklibu, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, iliisha huko Januari 2023, na kampuni nyingi za India zikaanza kuitengeneza kihalali kwa bei iliyo chini sana ya Ibrance. Lakini angalieni jina kwenye boksi. Yaelekea anachowaletea ni palbosiklibu, na mama ameandikiwa ribosiklibu. Ni ndugu wa ukoo mmoja, si dawa moja, dozi na vipimo vyake havifanani. Palbosiklibu haisumbui moyo hivyo, na kama daktari akikubali, palbosiklibu mnayoweza kuinunua miezi yote ina maana kuliko ribosiklibu ya miezi minne. Ninachokataa ni ile ya kuletwa mfukoni na mtu. Ulizeni duka kubwa la dawa au hospitali kama kuna iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, na msikubali kopo lisilo na namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jina la mtengenezaji. Kidonge cha saratani cha bandia hakijioneshi. Mgonjwa anameza unga kwa miezi huku uvimbe unakua.

Mwisho, hujasema kama mama ana maumivu, na nina hakika anayo. Nyonga na uti wa mgongo vinauma usiku. Mionzi ya mara moja tu, kipimo cha Gray 8, inatuliza maumivu ya mfupa sawa na ile ya kurudi mara nyingi, na inapatikana hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Iombeni. Ulizeni pia kuhusu asidi ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa. Utafiti umeonyesha kuipata kila wiki 12 kunatosha sawa na kila wiki 4, hivyo gharama inakuwa theluthi. Kabla ya sindano hiyo meno yakaguliwe na yaliyooza yang'olewe, kwa sababu kung'oa jino baadaye kunaweza kuacha taya lisilopona. Na kama mama akianza kusikia miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, au mkojo unagoma, msisubiri basi la asubuhi: uti wa mgongo unabanwa, na ni saa chache zinazoamua kama ataendelea kutembea.